Kapteni aliyekaidi amri Kigali

Kutoka nyumba moja ya mtaa wa Nyamirambo hadi makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini Kigali, mwaka 1994, gari lilipita vizuizi 23. Hesabu hiyo aliitoa Gregory Alex, mfanyakazi wa misaada wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa mjini humo wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda. Ndani ya nyumba hiyo walijificha watu 25, na kila safari iliweza kubeba watu wasiozidi watano. Vizuizi 23 kwenda, 23 kurudi, na kwenye kila kimoja vijana wenye mapanga, marungu na bunduki, wengine wamelewa tangu asubuhi, wakidai vitambulisho.

Aliyeshika usukani hakuwa na silaha. Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali mrefu mwenye umri wa miaka 36, alipita kwa maneno. Aliteremsha kioo, akasalimia, akatania, akacheka na watu ambao saa moja kabla walikuwa wameua. Palipohitajika sigara alitoa sigara. Palipohitajika noti ndogo alitoa noti. Waliokuwa kiti cha nyuma walisubiri, roho mkononi, hadi kamba ilipoondolewa barabarani. Kisha kizuizi kinachofuata.

Kazi hiyo alikatazwa kuifanya.

Diagne alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopelekwa Rwanda kusimamia Mkataba wa Amani uliotiwa saini Arusha Agosti 4, 1993. Mwangalizi habebi silaha. Anaona, anaandika, anatoa taarifa. Kuwatorosha raia wanaowindwa, tena mbele ya macho ya wanaowawinda, hakukuwamo katika mamlaka yake, na amri zilizoshuka kutoka New York zilisisitiza kwamba kikosi kisijiingize katika mapigano. Kila safari ya Nyamirambo ilikuwa kosa la kinidhamu.

Alianza mapema. Usiku wa Aprili 6 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, ikitoka kwenye mkutano wa marais Dar es Salaam. Asubuhi iliyofuata, askari wa kikosi cha ulinzi wa rais walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana pamoja na mumewe. Askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda walinyang'anywa silaha na kuuawa siku hiyo hiyo. Watoto wa waziri mkuu walibaki wamejificha katika makazi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, jirani na kwao. Diagne alipopata habari hakusubiri ruhusa. Aliwaingiza garini, akawafunika, akawapeleka kwenye hoteli ya Mille Collines. Baadaye walitolewa nchini, na hatimaye wakapata hifadhi Uswisi.

Tangu siku hiyo hakuacha. Hakuna daftari aliloandika majina, lakini waliookolewa naye wanakadiriwa kuwa mamia. Mkuu wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, alijua. Hakumwita, hakumkaripia, hakumrudisha kwao.

Ni rahisi leo kumwita shujaa. Ugumu uko katika kueleza kwa nini alikuwa na haki ya kufanya alichofanya, kwa sababu jeshi ambalo kila kapteni huchagua amri ya kutii na ya kuacha halistahili kuitwa jeshi. Yeyote aliyepita depo, iwe ya polisi au ya jeshi, anaikumbuka kanuni ya kwanza aliyofundishwa: amri inatekelezwa, maswali baadaye. Kanuni hiyo imeokoa maisha ya askari wengi na ya raia wengi zaidi, maana mtu mwenye bunduki asiyemsikiliza mkubwa wake ni hatari kwa kila anayekutana naye.

Amri ya UNAMIR nayo haikutungwa na wapumbavu. Azimio namba 872 lililokianzisha kikosi lilipitishwa na Baraza la Usalama Oktoba 5, 1993, siku mbili tu baada ya mapigano ya Mogadishu ambamo askari 18 wa Marekani walipoteza maisha. Somalia ilikuwa imewatia hofu wakubwa wa New York. Waliona walinda amani wakigeuka kuwa upande mmoja wa vita na kurudi makwao ndani ya majeneza, na wakaapa kwamba kosa hilo halitarudiwa. Ndiyo maana Rwanda ilipelekewa watu wapatao 2,500, wenye silaha chache, walioambiwa wasimwelekezee yeyote mtutu isipokuwa kwa kujilinda. Kutopendelea upande wowote ndiko kulikoyafanya magari meupe yapite. Mtu angeweza kudai, na hoja yake ikawa na uzito, kwamba Diagne angekamatwa akiwa na Watutsi garini hata mara moja, kila gari la Umoja wa Mataifa lingekaguliwa kuanzia siku hiyo, na waliojificha chini ya bendera ya buluu kwingineko wangelipa.

Kanuni yenye sababu nzuri, basi. Lakini ilitungwa kwa ajili ya vita kati ya majeshi mawili, ikakutana na jambo jingine kabisa: serikali na wanamgambo wakiwaua raia nyumba kwa nyumba. Katika hali hiyo kutopendelea upande kuligeuka kuwa kuwaachia wauaji uwanja.

Dallaire aliyaona hayo mapema. Januari 11, 1994, miezi mitatu kabla, aliwaandikia wakubwa wake New York kwamba mtoa habari kutoka ndani ya wanamgambo wa Interahamwe amemweleza kuhusu maghala ya silaha na orodha za Watutsi wa Kigali. Alisema ana mpango wa kuyavamia maghala hayo katika muda wa saa 36. Jibu lilikuwa hapana: hatua hiyo iko nje ya mamlaka yenu, nendeni mkamweleze Rais Habyarimana. Dallaire alitii. Amebeba utii huo maisha yake yote. Alipofika Arusha Januari 2004 kutoa ushahidi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, miaka kumi ilikuwa imepita na bado ilibidi aeleze kuhusu maghala yale.

Amri nyingine ilitiiwa Aprili 11, na hii inastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko zote.

Kicukiro, upande wa kusini wa Kigali, palikuwa na shule ya ufundi iliyoitwa École Technique Officielle, ETO kwa kifupi. Askari wa Ubelgiji wapatao 90 waliweka kambi hapo, na kwa kuwa walikuwapo, watu walikimbilia hapo. Kufikia siku ya nne walizidi 2,000, wakilala madarasani na uwanjani. Interahamwe walikuwa nje ya uzio, wakinywa bia, wakisubiri. Hawakuingia. Bunduki za Wabelgiji zilitosha kuwazuia.

Mchana wa tarehe 11, askari wa Ufaransa walifika kuwachukua wageni. Wabelgiji nao walikuwa na amri ya kuondoka kwenda uwanja wa ndege kusaidia kuwahamisha raia wa kigeni. Walipowasha magari, watu waliwazunguka. Wengine walilala barabarani mbele ya magurudumu. Walioshuhudia wameeleza kwamba wapo walioomba wapigwe risasi na askari hao, wafe haraka, badala ya kuachiwa mapanga. Risasi zilipigwa hewani, njia ikafunguka, msafara ukaondoka. Haikuchukua muda wanamgambo wakaingia. Waliosalia hai waliswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza na wakauawa hapo, wachache tu wakiponea chini ya miili ya wenzao.

Luteni aliyeongoza kikosi hicho alifuata amri. Mbele ya sheria za kijeshi mikono yake ilikuwa safi. Mwaka 2010 mahakama moja ya Brussels ilisema serikali ya Ubelgiji inawajibika kwa kilichotokea ETO. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikatengua. Majaji wamekwenda huku na huko wakitafuta nani abebe mzigo huo: luteni, wakubwa wake Kigali, mawaziri wa Brussels au Umoja wa Mataifa. Kila mmoja ana wa kumwonyesha kidole. Huko ndiko amri zinakowapeleka watu zinapotiiwa bila kutazamwa tena. Kila aliyehusika ana karatasi inayomtetea, na watu 2,000 wamekufa.

Je, mtu akiona kanuni inaleta madhara, aivunje tu? Historia ya wiki hiyo hiyo ya Aprili 1994, katika mji huo huo, inatoa jibu la kutisha. Usiku wa Aprili 6, rais akiwa amekufa, katiba ilimwachia mamlaka ya kiserikali Waziri Mkuu Uwilingiyimana. Dallaire aliliweka hilo wazi mbele ya maofisa wa jeshi la Rwanda waliokuwa wamekutana makao makuu yao. Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa akiendesha kikao, alikataa. Kwake yeye waziri mkuu huyo hakuwa na nguvu yoyote, taifa lilikuwa hatarini, na taratibu za kawaida hazikufaa kwa wakati ule. Saa chache baadaye mama huyo alikuwa maiti.

Bagosora naye alivunja kanuni kwa jina la dharura. Alitumia lugha ile ile ambayo watetezi wa Diagne wangeweza kuitumia: hali si ya kawaida, sheria imepitwa na wakati, lazima mtu achukue hatua. Ndiyo maana hoja ya dharura peke yake haitoshi na haijapata kutosha. Kila aliyepindua serikali ameitoa. Mahakama ya Arusha ilimhukumu Bagosora kifungo cha maisha mwaka 2008, rufaa ikakipunguza hadi miaka 35, akafia Mali mwaka 2021 akiwa bado anakitumikia.

Tofauti ya watu hawa wawili inaonekana ukiuliza nani alifaidika na nani alilipa. Bagosora alivunja kanuni iliyomzuia yeye kushika madaraka, na gharama ikaangukia wengine. Diagne alivunja kanuni iliyomlinda yeye mwenyewe. Angebaki kambini, angeandika taarifa zake, angerudi Dakar akiwa na cheti cha utumishi mwema. Kila alichokivunja kilimsogeza karibu na kifo na kuwasogeza wengine mbali nacho. Mvunjaji wa kanuni ambaye wa kwanza kufaidika ni yeye anapaswa kutiliwa shaka, hata akieleza vizuri namna gani.

Jambo la pili halisemwi sana. Diagne alivunja kanuni moja tu. Hakuchukua bunduki. Hakujitangazia ukuu wala kuwakusanya wenzake waasi. Hakumficha mkuu wake alichokuwa akifanya, na kama Dallaire angetaka kumfungulia mashtaka, ushahidi ulikuwa mezani. Katika mengine yote aliendelea kuwa askari mtiifu: alipeleka barua, alihudhuria vikao, aliwafikisha wajumbe walipotakiwa. Mei 31, 1994, alikuwa akitoka kwa mkuu wa majeshi ya serikali, Jenerali Augustin Bizimungu, akiwa na ujumbe wa kumfikishia Dallaire. Gari liliposimama kwenye kizuizi, kombora la mota lilianguka nyuma yake na kipande cha chuma kikapenya kioo kikampiga kichwani. Alikuwa amebakiwa na chini ya wiki mbili kumaliza zamu yake. Umoja wa Mataifa mjini Kigali haukuwa hata na mfuko wa kubebea maiti; wenzake walimfunga kwa turubai la UNICEF.

Alikufa akitekeleza amri.

Mfano wake haukubaki peke yake. Aprili 21 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 912 na kukipunguza kikosi hadi watu 270, wakati maiti zikielea katika mito. Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, naibu wa Dallaire, alikwisha kumwambia mkuu wake kwamba Waghana hawataondoka, kabla Accra haijatoa kauli. Serikali yake ikamuunga mkono. Dallaire, yule yule aliyetii Januari, safari hii alibaki na watu wapatao 450. Kwa sababu ya hao waliozidi idadi iliyoruhusiwa, maelfu ya watu katika Uwanja wa Amahoro na Hospitali ya King Faisal walikuwa bado hai mauaji yalipokwisha mwezi Julai.

Upande wa Wanyarwanda, swali lilikuwa kali zaidi, kwa sababu iliyokuwa ikitoa amri ya kuua ilikuwa serikali. Watu wengi hufikiria mauaji ya kimbari kama ghasia, sheria imepotea na kila mtu anafanya atakavyo. Rwanda haikuwa hivyo. Vizuizi viliwekwa kwa maagizo ya viongozi. Doria zilipangwa kwa zamu na wakuu wa vitongoji. Redio ilitangaza nani atafutwe na wapi. Aliyekwenda kizuizini alfajiri akiwa na panga alikuwa, machoni pa serikali yake, raia mwema anayetimiza wajibu.

Jean-Baptiste Habyalimana, mkuu wa mkoa wa Butare, alikataa. Kwa takriban wiki mbili mkoa wake ulikuwa na utulivu kuliko sehemu nyingi za nchi, na watu wa mikoa jirani walikimbilia huko. Alifukuzwa kazi na baadaye akauawa. Aprili 19 rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alikwenda Butare kuhutubia, na mauaji yakaanza kwa kasi.

Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alianza vilevile. Majaji wa Arusha waliridhika kwamba hadi Aprili 18 alizuia mauaji katika eneo lake, hata kuwakabili Interahamwe. Siku hiyo wakuu wa serikali ya muda walikutana na mameya huko Gitarama, na baada ya mkutano Akayesu alibadilika. Aliacha kuwazuia wauaji, kisha akawa mmoja wao. Septemba 2, 1998, alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kesi hiyo ilisikilizwa Arusha, na kila mwanasheria wa Afrika Mashariki anapaswa kuisoma, hasa zile siku kumi na moja kabla ya mkutano. Zinaonyesha kwamba alijua. Mtu anayeitii amri mbaya kwa kutokujua ni mmoja. Aliyekwisha kuonyesha kwa vitendo kwamba anaujua ubaya wake, kisha akatii, ni mwingine.

Sheria iliyoianzisha mahakama hiyo ilikwisha kulimaliza suala hili. Ibara ya 6 inasema kuagizwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia. Kunaweza tu kumpunguzia adhabu. Wenye kusema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, wanaweza kuiona kauli hiyo ikitimia hapo: anayevunja amri atajibu, na anayetii pia atajibu.

Wapo ambao hawakuwa na cheo wala sare. Zura Karuhimbi, mjane na mganga wa kienyeji wa eneo la Ruhango, aliwaficha watu zaidi ya mia moja katika kijumba chake na shambani. Silaha yake ilikuwa sifa yake ya uchawi. Alipaka ukuta wa nyumba na mikono yake majani ya kuwasha, kila aliyemgusa akawashwa, akawaambia wauaji kwamba wakiingia wataifungulia hasira ya mizimu na watajichimbia kaburi. Alitikisa bangili zake, akapiga kelele. Walirudi nyuma, wakaja tena, wakarudi nyuma tena. Bibi huyo aliwadanganya watu, akawatisha, akakaidi agizo la viongozi wake. Serikali ya Rwanda ilimtunuku nishani mwaka 2006, na alifariki Desemba 2018. Hakuna mzee wa dini wala mwalimu wa maadili anayeweza kumtazama mmoja wa waliookoka na kumwambia kwamba uongo ule ulikuwa dhambi.

Mambo ya 1994 yanaweza kuonekana makubwa mno kwa mtu anayefanya kazi kaunta ya benki au wodini. Lakini swali hilo hilo huwafikia, kwa kipimo kidogo. Nchini Tanzania majeruhi wa ajali au wa shambulio anatakiwa awe na PF3, ile fomu ya polisi. Fomu ina maana: bila hiyo mhalifu anaweza kupotea na kesi ikakosa ushahidi. Sasa aletwe mtu saa nane usiku kwenye bajaji, damu inamtoka, ndugu yake hana karatasi. Nesi anayeanza kufunga jeraha huku akimtuma ndugu kituoni hajaiharibu kazi ya fomu. Ameichelewesha saa moja. Nesi anayewarudisha kwanza wakatafute karatasi ameilinda fomu na kumpoteza mtu. Hapo hakuna haja ya ushujaa wa Kigali. Kinachotakiwa ni kujiuliza kama lengo la kanuni litaharibika au litasubiri.

Linganisha na dereva wa gari la ofisi anayewasha taa za dharura apite upande usio wake kwa kuwa bosi amechelewa kikao. Yeye naye atasema ilikuwa lazima. Gharama ya haraka yake inalipwa na mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni.

Kuna hatari ya kuwategemea akina Diagne. Taasisi inayookolewa mara kwa mara na wanaovunja kanuni zake ina kanuni mbovu, na wajibu wa kuzirekebisha uko juu ya waliozitunga. Umoja wa Mataifa ulichukua miaka kulikubali hilo. Desemba 1999 tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilitoa ripoti yake na kusema wazi kwamba mfumo mzima ulishindwa Rwanda. Miezi miwili kabla, Azimio namba 1270 kuhusu Sierra Leone lilikuwa limewapa walinda amani, kwa mara ya kwanza kwa maneno ya wazi, jukumu la kuwalinda raia walio katika hatari. Ripoti ya jopo la Lakhdar Brahimi ya Agosti 2000 iliongeza kwamba mlinda amani anayeona raia wakishambuliwa achukuliwe kuwa ana idhini ya kuzuia, kadiri ya uwezo wake. Kilichokuwa kosa kwa Diagne kikawa kazi.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilikwenda mbali zaidi kwa Azimio namba 2098, likaunda kikosi maalumu cha mashambulizi huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ilipofika Novemba mwaka huo, waasi wa M23, waliokuwa wakipigana na serikali ya nchi hiyo, walikuwa wameshindwa kwa wakati ule.

Lakini kanuni mpya haimfanyi mtu asimame. Mwaka 2014 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walichunguza misheni zenye jukumu la kulinda raia. Kati ya matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia yaliyotajwa katika taarifa za miaka ya 2010 hadi 2013, walinda amani walijibu papo hapo katika 101 tu. Ruhusa ilikuwapo, silaha zilikuwapo, magari yalikuwapo. Miaka ishirini baada ya ETO, tatizo halikuwa tena amri inayokataza. Lilikuwa makamanda waliosubiri simu kutoka makwao, na waliogundua kwamba hakuna anayeadhibiwa kwa kukaa kambini. Hapa ndipo mjadala wa kuvunja kanuni unapokuwa mfupi mno. Umezoea kumuuliza aliyevunja ajieleze, na ni haki kumuuliza. Aliyetulia haulizwi.

Mwaka huo huo, Mei 8, 2014, Baraza la Usalama lilianzisha kwa Azimio namba 2154 Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Mjane wake, Yacine Mar Diop, alikabidhiwa ya kwanza mwaka 2016. Ya pili ilitolewa Mei 2019 kwa familia ya Praiveti Chancy Chitete wa Malawi, aliyeuawa karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, Novemba 2018, akimwokoa askari mwenzake aliyejeruhiwa vibaya. Aliyeokolewa alikuwa Mtanzania.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimepeleka vijana wao kulinda amani nje ya mipaka. Kabla hawajapanda ndege hufundishwa matumizi ya nguvu, sheria za vita na mipaka ya mamlaka yao. Vyuo vinavyowaandaa viongeze somo moja: viwaweke mezani uzio wa ETO na vizuizi 23 vya Nyamirambo, luteni aliyeondoka na kapteni aliyerudi, kila mwanafunzi aeleze mbele ya wenzake angefanya nini na kwa nini, na mwalimu amsikilize hadi mwisho.